Kufundisha Kuchora Kando ya Mto Tana

Msafiri atokaye Malindi kwenda Lamu kwa njia ya barabara hupita nyika kavu kwa muda mrefu, kiasi cha kilomita 110, kabla ya kufika Garsen. Hapo huona nchi imegeuka. Miembe imefungamana, migomba imejipanga, na chini ya daraja mto Tana unapita polepole, maji yake yamejaa udongo uliochukuliwa kutoka nyanda za juu za Kenya, mwendo wa kilomita zipatazo 1,000 mpaka baharini. Udongo huo ndio uliowapa Wapokomo mpunga, ndizi na maembe tangu zamani, na nyasi ziotazo juu yake baada ya mafuriko ndizo zinazowavuta Waorma kushusha ng'ombe wao kutoka bara wakati wa kiangazi. Habari hii yahusu kazi nyingine ya udongo huo, nayo ni kazi ya darasani.

Kila mwaka vijana wanaosomea ualimu hutoka katika vyuo vyao, kama vile Shanzu na Kwale kwa upande wa pwani, wakaenda mashuleni kufanya mazoezi ya kufundisha. Hukabidhiwa madarasa, husimamiwa na mwalimu mwenyeji, na siku wasiyoitazamia mkufunzi hutokea na fomu yake, akaketi nyuma ya darasa, akaandika bila kusema neno. Katika hesabu na Kiswahili kijana ana kitabu cha kushika. Somo la sanaa, yaani kuchora, kupaka rangi, kufinyanga, kusuka na kutengeneza vikaragosi, ndilo linalowatoa wengi jasho, wala si jasho la joto la Garsen peke yake.

Na atazamwe kijana mmoja, wa mfano tu, ambaye hapewi jina kwa kuwa wenziwe walio kama yeye ni wengi. Amefika shuleni na karatasi kumi za manila, sanduku moja la kalamu za rangi za nta, na daftari iliyojaa maandalio ya masomo yaliyoandikwa kwa mwandiko mzuri. Kufika saa nne kalamu za nta zimelainika kwa joto hata zinashikamana na vidole. Darasa ni la nne, nalo lina watoto sitini. Kijana achora ubaoni nyumba: paa la pembe tatu, dirisha lenye vioo vinne, bomba la moshi juu, na ua wa maua mbele. Awaambia watoto wachore nyumba. Watoto, kwa kuwa ni watiifu, wote wachora nyumba ile ile, na bomba lake la moshi, ijapokuwa hapana hata mmoja kati yao aliyepata kuona moshi ukitoka kwa bomba la nyumba. Dakika thelathini na tano zakwisha. Picha sitini zinazofanana zatundikwa ukutani, na kwa mbali zapendeza.

Jioni kijana afungua andalio lake, na mahali palipoandikwa "Maoni" aandika kwamba somo lilifundishwa vyema na malengo yote yalifikiwa.

Sentensi hiyo yajulikana na kila mwalimu wa Kenya, na hapana shaka hata makarani waliopata kupokea mafaili ya walimu waijua kwa moyo. Ni sentensi salama. Haimgombezi mtu yeyote, wala haimfundishi mtu yeyote. Lakini sehemu ile ya fomu iliwekwa kwa sababu. Ndipo mahali pekee ambapo mwanafunzi wa ualimu aulizwa, si kile alichokusudia kufanya, bali kile kilichotokea mbele ya macho yake. Na katika somo la sanaa kilichotokea hakifichiki, kwa maana kipo juu ya karatasi.

Kama kijana yule angaliandika ukweli, angaliandika hivi: kwamba watoto sitini wamechora nyumba yake, wala si zao. Kwamba dakika kumi na tano zilikwisha kwa kugawa karatasi na kugombania rangi nyekundu. Kwamba waliokaa nyuma hawakupata kalamu ya rangi hata moja. Na kwamba msichana mmoja aliyekaa karibu na dirisha hakuchora nyumba, bali alichora mistari mingi yenye pembe pembe, ikipishana na kurudiana, na mwalimu, akidhani ni mchezo, alimwambia afute.

Neno hilo "futa" ni zito kuliko linavyosikika. Mtoto aliyekosea hesabu aweza kufuta akajaribu tena, na jibu la haki likapatikana. Mtoto aliyeambiwa afute alichokitoa moyoni mwake hajui akosahihishe nini. Atafuta, kisha atangoja aone mwenziwe anachora nini, naye afanye hivyo hivyo, na huenda akafanya hivyo mpaka amalize shule.

Kosa hili si la vijana wa leo tu, na wala halikuanzia Tana. Zamani za ukoloni somo lenyewe katika shule nyingi liliitwa kazi za mikono, na kazi hizo zilikuwa kusuka vikapu, kutengeneza mifagio na kuchonga mipini ya majembe. Kuchora kulihesabiwa kuwa ni kunakili. Mwaka 1937 Bi Margaret Trowell, Mwingereza, alianza kufundisha sanaa huko Makerere, Uganda, kwanza katika baraza la nyumba yake mwenyewe, na katika mwaka huo huo alitoa kitabu cha kuwasaidia walimu juu ya sanaa na ufundi wa Kiafrika mashuleni. Desturi yake ilikuwa kuwasimulia wanafunzi habari fulani kwa maneno mpaka waione mbele ya macho yao, kisha awaache wachore walichokiona. Katika wanafunzi wake alikuwamo Gregory Maloba, Mkenya, ambaye sanamu yake ya uhuru ilisimamishwa Kampala mwaka 1962. Huko Makerere alisoma pia Elimo Njau, mzaliwa wa Tanganyika, ambaye mwaka 1959 alichora maisha ya Yesu katika kuta za kanisa la Murang'a, akaweka watu na milima ya Kikuyu ndani yake, na mwaka 1965 akashiriki kuanzisha nyumba ya sanaa ya Paa ya Paa mjini Nairobi. Njau alifundisha watoto pia, na sikuzote alipinga kunakili kama mganga apingavyo maji machafu.

Walakini mawazo mema ya Makerere yalichelewa kufika vijijini. Mpango wa masomo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, sanaa na ufundi viliingizwa katika shule za msingi na kutahiniwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 somo hilo liliondolewa katika mtihani wa KCPE ili kuwapunguzia watoto mzigo. Likabaki katika ratiba kwa jina. Kipindi cha sanaa kikawa kipindi cha kumalizia hesabu, au cha kumwagia maji miti ya shule. Kwa hiyo vijana wanaokwenda leo kufanya mazoezi, wengi wao walipita darasa la kwanza hadi la nane bila kushika brashi. Wanatumwa kufundisha jambo ambalo wao wenyewe hawakufundishwa, na yafaa wanaowahukumu walikumbuke hilo.

Mpango mpya wa masomo, ule wa umilisi, ulianza kutumika nchi nzima katika madarasa ya chini mwaka 2019. Sanaa ikarudi na nguvu. Mwaka 2021 vyuo vikaanza kutoa diploma ya ualimu wa msingi badala ya cheti cha P1, na KCPE yenyewe ilifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Sasa mtoto apendaye sanaa aweza kuifuata mpaka shule ya upili ya juu, ambako darasa la kumi lilianza Januari 2026, kwa kuwa sanaa na michezo ni mojawapo ya njia tatu zilizowekwa. Njia imefunguliwa, na mwanzo wake ni yule kijana mwenye karatasi kumi za manila.

Basi afanye nini? Jambo la kwanza ni kuacha kutazama dukani. Shule zilizo karibu na mto zina udongo wa mfinyanzi mwingi, wala haugharimu senti moja. Lakini udongo una masharti yake, na kijana asiyeyajua ataaibika mbele ya watoto. Udongo uchimbwao ukingoni hukaushwa kwanza, hupondwa, huchekechwa ili kuondoa mizizi na vijiwe, kisha hulowekwa na kukandwa sana mpaka hewa yote itoke. Huchanganywa na mchanga kidogo au vigae vilivyopondwa, kwa sababu udongo mtupu hupasuka ukikauka. Mtoto huviringa pindi kama nyoka, akazipandisha moja juu ya nyingine, akazilainisha kwa kidole chenye maji. Chombo hukaushwa kivulini siku kadhaa, si juani. Jua la Garsen hukausha nje upesi na ndani kungali kubichi, na hapo ufa hautakosa. Ndipo huchomwa kwa kuni au kwa samadi kavu ya ng'ombe.

Kazi yote hiyo haiwezi kuingia katika dakika thelathini na tano. Kijana mwenye akili huigawa katika wiki tatu, akawatuma watoto waje na udongo mkavu kutoka nyumbani, na aandaapo somo huandika wazi dakika za kunawa mikono. Wakufunzi wengi wameona masomo mazuri yakiharibika mwishoni kwa kuwa watoto sitini wenye matope walikimbilia mfereji mmoja.

Rangi nazo zapatikana. Mkaa na masizi hutoa nyeusi, chokaa hutoa nyeupe, ngeu hutoa nyekundu, na manjano ya jikoni hutoa rangi ya jina lake. Unga wa rangi hushikamana na karatasi ukichanganywa na gundi itokayo katika mgunga, ambayo watoto wa wafugaji waijua tangu utotoni kwa kuwa huila. Kijiti cha mkindu kikitafunwa ncha ni brashi. Shina la mgomba likikatwa kwa kisu kikali huonyesha vyumba vyumba kama sega la nyuki. Likichovywa rangi na kugandamizwa juu ya katoni lililofunguliwa, hutoa nakshi ambayo hapana mtoto aliyewahi kuiona, ijapokuwa amekaa chini ya migomba maisha yake yote. Bamia nayo hutoa nyota.

Hapa ndipo yafaa kumrudia msichana wa dirishani. Mistari ile ya pembe pembe haikuwa mchezo. Nyumbani kwao nyanya yake husuka ukili wa mkindu, na yeye hukaa karibu naye akitazama vipande vyeusi na vyeupe vikipishana mpaka vikawa mkeka. Alipoambiwa achore nyumba, alichora kile anachokiona ndani ya nyumba. Kijana akiuliza badala ya kufutisha, atajifunza hayo kwa swali moja tu: "Mwanangu, hiki ni nini?" Na akiwa mnyenyekevu zaidi atakwenda nyumbani kwa yule mzee, abishe hodi, aketi anapoonyeshwa, amwamkie kwa shikamoo, na amwombe aje shuleni siku moja kama mwalimu. Bibi asiyejua kusoma atawaonyesha watoto jinsi miyaa inavyochanwa, inavyochemshwa na rangi, na jinsi ya kuhesabu moja juu mbili chini. Mwalimu wa hesabu akipita dirishani atatambua somo lake.

Nakshi zina faida nyingine katika nchi ile. Wakazi wengi wa Tana ni Waislamu, na wako wazazi wasiopenda mtoto wao achore kiumbe chenye roho. Kijana atokaye mbali, akianza somo lake la kwanza kwa kuwaambia watoto wachore uso wa mama, aweza kuamsha manung'uniko kijijini bila kujua kisa. Si lazima agombane na mtu. Milango ya Lamu iliyochongwa, kofia za viua, mikeka, na vyombo vya kusuka vya maziwa ambavyo wanawake wa Kiorma hutengeneza, vyote ni chuo kizima cha nakshi. Akiisha kuaminiwa na wazazi ataweza kuzungumza nao juu ya mengine, nao watamweleza mpaka wao uko wapi.

Liko jambo zito kuliko hilo. Tangu Agosti 2012 mpaka Januari 2013 mapigano kati ya Wapokomo na Waorma katika bonde la chini la Tana yaliua watu zaidi ya 100, na nyumba nyingi zilichomwa. Sababu zilizotajwa zilikuwa nyingi, na miongoni mwake ni mashamba ya ukingoni na njia za ng'ombe za kushukia mtoni, zinazoitwa malka. Watoto waliozaliwa baada ya hapo sasa wako mashuleni, na katika baadhi ya madarasa wa mkulima na wa mfugaji huketi dawati moja. Waambiwapo wachore mto, mmoja atauchora kutoka upande wa shamba: migomba, mtumbwi, ndege juu ya mpunga. Mwingine atauchora kutoka upande wa nyika: ng'ombe wamejipanga, pembe zao kama mwezi mwandamo, wanashuka kwenda kunywa. Ni mto ule ule.

Katika saa kama hiyo kijana apaswa kuwa na busara. Asiulize picha ipi ni nzuri zaidi. Asimwambie mtoto achore aliyosimuliwa juu ya mapigano, kwa maana yeye ataondoka baada ya majuma machache na mtoto atabaki na alichokitoa. Lakini aweza kubandika picha zile mbili ukutani bega kwa bega, kisha akawaomba wote wawili wachore picha moja kubwa juu ya katoni, yenye shamba na malka pamoja. Watabishana. Watapima kwa rula. Watagundua kwamba njia ya ng'ombe lazima ipite mahali fulani, na kwamba shamba nalo lina mwisho. Katika mabishano ya watoto juu ya katoni hapana damu imwagikayo, na wazee waliowahi kukaa katika mabaraza ya amani wanajua kwamba maneno yao yalikuwa hayo hayo.

Wako wasemao kwamba haya yote ni kupoteza wakati, kwamba mtoto wa mkulima apelekwa shule asome, si kucheza matope aliyoyaacha nyumbani. Neno hilo lastahili kujibiwa kwa heshima, maana mzazi ametoa sare na chakula. Na asikilize jibu katika habari za nchi yake mwenyewe. Wimbo wa taifa wa Kenya, ulioimbwa mara ya kwanza mwaka 1963, ulitoa sauti yake katika wimbo wa kubembeleza watoto wa Kipokomo. Na ngoma kuu ya Wapokomo, iitwayo ngadji, ilichukuliwa na watawala wa Kiingereza, ikawa mali ya British Museum, London, mwaka 1908. Wazee wameomba irudishwe. Ni kazi ya mikono ya mafundi wa Tana, nayo imewekwa mbali na watoto wa Tana, ambao wengi wao huenda hawajui hata kwamba ipo. Mwanafunzi wa ualimu hana uwezo wa kuirudisha. Ana uwezo wa kuwaambia watoto jina lake, na kumwomba mzee mmoja awaeleze habari zake wakati wanapofinyanga.

Mto nao una neno lake katika ratiba. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 yalikata barabara na kufukuza watu makwao, na yale ya Aprili na Mei 2024 yaliongeza taabu. Mwaka huo shule za nchi nzima zilichelewa kufunguliwa mpaka 13 Mei. Katika shule iliyoingiwa na maji, picha za karatasi ni kitu cha kwanza kupotea. Kwa hiyo mwalimu mwenyeji aliyekaa muda mrefu katika bonde lile hatundiki kazi za watoto chini ya kimo cha bega, na vyungu huviweka juu ya kabati. Kijana wa mazoezi akiviona huko juu hudhani ni uzembe wa kupanga vitu.

Siku ya mkufunzi hufika. Kwa kawaida hufika siku mbaya: vyungu vya wiki iliyopita vimetolewa motoni asubuhi ile, na vingi vimepasuka. Kijana aweza kuvificha, akafundisha tena nyumba yenye bomba la moshi, apate alama zake kwa amani. Au aweza kuvipanga mezani vyote, vizima na vibovu, awaulize watoto kwa nini hivi vimepona na vile havikupona. Mtoto mmoja atasema moto ulikuwa mkali upande mmoja. Mwingine atasema chake kilikuwa na jiwe ndani. Msichana wa dirishani, ambaye amechora mistari yake ya mkeka juu ya shingo ya chungu kwa ncha ya mwiba, atashika kigae chake na kusema udongo wake ulitoka mahali pengine, ng'ambo, kwa mjomba, nao una mchanga mwingi.

Fomu ya mkufunzi ina nafasi ya kutia alama za vielelezo, za sauti, za matumizi ya ubao. Darasani hapo atapata la kuandika. Na jioni, mahali palipoandikwa "Maoni", kijana ataandika: "Vyungu 23 vimepasuka, 18 vimepona, vingine havijakauka. Sikukanda udongo vya kutosha, na kuni nilizipanga vibaya. Udongo wa ng'ambo ni bora. Juma lijalo tutaomba ruhusa ya wazazi tukachimbe huko, na bibi atakuja tena Alhamisi."